Mama aliniita "ndoo", nikageuka kutazama ndoo

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Kisauni, nina miaka 34. Nimeolewa Mikindani, mkoa wa Mtwara, na huu ni mwaka wa nne niko huku. Mume wangu tulikutana Mombasa alipokuwa fundi wa boti. Tukaoana kwetu, na kazi yake ilipokwisha tukashuka wote kwao. Tuna binti wa miaka miwili na nusu. Mume wangu hana neno, nisingependa mtu asome barua hii akimtafutia kosa.

Tatizo langu hata kulitaja naona haya. Nimezoea.

Mwaka wa kwanza nililia sana. Watu hudhani kwa kuwa kote ni Kiswahili, basi mtu wa Mombasa akija Mtwara hajatoka nje ya nchi. Nilikwenda dukani nikataka leso, nikaletewa vitambaa vya kufutia jasho, nami nilikuwa nataka kile mnachokiita kanga. Siku nyingine nilimwona mtoto wa jirani, nikamwambia, "Ndoo!" Kwetu ndivyo tunavyomwita mtu aje. Mtoto akakimbia nyuma ya nyumba yao, akarudi ameshika ndoo kwa mikono miwili, ananitazama nimwambie pa kuiweka. Niliipokea, nikamshukuru, nikaingia ndani nikalia mpaka magharibi.

Bei zilinitesa. Kila kitu nilikigawanya kwa 20 ili nijue ni shilingi ngapi za Kenya, na muuza samaki alikuwa akisubiri kimya nikihesabu. Hata mvua ilinikosesha raha. Kwetu Mei ndiyo mvua yenyewe, inakunya usiku na mchana. Huku Aprili inakwisha, Mei jua linawaka na watu wanaanika. Nilikuwa natoka nje asubuhi natazama mawingu, nikijua mama kule anakinga maji barazani. Nilimpigia kila jioni, wakati mwingine mara mbili. Alikuwa akininyamazisha kama mtoto.

Siwezi kukwambia ilikuwa lini mambo yalibadilika. Najua tu kwamba siku hizi nanunua samaki bila kugawanya. Napita chini ya lile Boma la Wajerumani kila siku kwenda sokoni na silioni tena, wakati mwanzoni nilikuwa nasimama kulipiga picha. Mume wangu aliniambia naongea usingizini, na naongea kama watu wa hapa.

Desemba iliyopita nilikwenda Mombasa kwenye arusi ya mdogo wangu. Ndani ya matatu nikamwambia makanga, "Naomba unishushe hapo mbele, kaka." Abiria wakageuka kunitazama. Sokoni Kongowea nikajikuta nazidisha kwa 20 ndipo nijue kitu ni ghali au rahisi. Hayo tulicheka na dada zangu yakaisha.

Lakini siku ya tatu mama alikuwa uani anakuna nazi. Akaniita, "Ndoo, mwanangu." Shangazi, niligeuka nikatazama ndoo iliyokuwa karibu na mfereji. Nikaenda nikaishika mkono wake. Ndipo nikakumbuka. Mama alikuwa ameacha kukuna, ananitazama. Hakusema kitu, akaendelea na nazi yake. Usiku ule tulipokuwa tunapanga safari nikasema, "Narudi nyumbani Jumamosi." Mama akauliza, "Nyumbani wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Tangu hapo nikimpigia ni salamu, habari ya mtoto, kisha "haya, wasalimie". Dakika mbili hazifiki. Na mimi pia kusema kweli sina la kumwambia. Niko salama, mtoto hajambo, mume wangu yuko kazini. Nimwambie nini tena?

Linaloniumiza zaidi ni kwamba huku nako si kwangu. Baada ya miaka yote hii bado naitwa Mkenya. Wifi yangu husema mbele za watu, "Mkenya huyu hata kuchemsha ming'oko hajui." Mwezi uliopita tulikuwa na msiba nyumba ya tatu. Nilifika alfajiri pamoja na wenzangu, tukamenya vitunguu, tukaosha mchele. Mpishi wao mkubwa, mama mtu mzima, akapaza sauti kutoka jikoni, "Huo mwiko mpeni Mkenya!" Watu wakacheka. Nikakoroga nimeinamisha kichwa.

Kwetu nilikuwa napaka hina na piko, maharusi walikuwa wananifuata mpaka nyumbani. Huku niliacha. Wale wawili watatu waliokuja walitaka kwa namna yao, nami nilikuwa na majonzi yangu. Koni zilikaukia kwenye kopo. Lakini hilo si kitu.

Nijibu, Shangazi. Je, nimewasahau watu wangu? Mama nimrudishe vipi? Na hawa wa huku niwakataze kuniita Mkenya?

Ni mimi,
Mgeni wa Mikindani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mama yako, maana kidonda kiko hapo.

Mwaka wako wa kwanza ulimpigia kila jioni, ukamlilia. Wewe unaukumbuka kama mwaka wa mateso. Yeye nina hakika anaukumbuka kama mwaka aliokuwa na kazi. Alijua jioni simu italia, alijua leo umeshindwa na nini, bei ya samaki aliijua, jina la jirani alilijua. Alikuwa Kisauni lakini anaishi Mikindani pamoja nawe. Kisha ukazoea. Machozi yakakauka, jambo jema kabisa, ila na habari zikakauka pamoja nayo. Uliacha kumpigia kila jioni kwa kuwa hukuwa tena na shida, na hakuna aliyemwambia kwamba kazi yake imekwisha. Akawa anangoja. Halafu Desemba ukaja, akakuita kwa neno alilokuita nalo tangu unatambaa, ukaenda kushika ndoo.

Unaniuliza kama umewasahau. Hukuwasahau. Ulimi hufuata watu unaokula nao, na kwa miaka hii umekula na watu wa Mikindani. Ungekaa Kisauni wiki moja tu, "ndoo" ingerudi mahali pake. Mama yako naye analijua hilo, ni mtu mzima. Kilichomshtua siku ile ni kugundua kwamba una maisha mazima ambayo yeye hayajui. Alipouliza "Nyumbani wapi?" wewe ulisikia lawama. Mimi nasikia mtu anayeuliza kweli. Anataka kujua hiyo nyumbani iko vipi.

Naomba nikueleze langu, maana sikutungii.

Mwaka 1996 nilimfuata mume wangu Pemba. Sisemi kile kisiwa, nasema Pemba ya Msumbiji, jimbo la Cabo Delgado. Tuliondoka hapa Lindi, tukavuka Ruvuma kwa boti pale Kilambo, tukashika njia ya kusini. Watu wa pwani ile wanasema Kimwani, lugha ambayo ukiisikia kwa mbali unadhani ni Kiswahili, ukisogea unakuta nusu inakukimbia. Mzigo wako wa leso na ndoo naujua. Mimi kanga ilikuwa kapulana, chai ya asubuhi ilikuwa matabisho, na fedha zilikuwa metikali, nami kichwani nageuza kuwa shilingi, kama wewe na 20 yako.

Simu wakati ule hazikuwa mfukoni. Nilimwandikia mama barua, nikawapa wafanyabiashara waliokuwa wakivuka. Barua za mwanzo zilikuwa ndefu, karatasi nne, tano. Nilimwandikia jinsi wanavyopanga samaki sokoni, jinsi jirani anavyokohoa usiku, jinsi nilivyounguza ugali wao. Nilipozoea, barua zikafupika. "Sote wazima. Watoto wanakusalimu. Nasi tunaomba salama yenu." Niliona hakuna jipya la kuandika. Samaki walikuwa wale wale, jirani yule yule.

Mama yangu alifariki 2001, nikafika baada ya mazishi. Dada yangu akanipa sanduku lake. Barua zangu zote zilikuwamo. Zile za mwaka wa kwanza zilikuwa zimechakaa kwenye mikunjo, nyingine zimekatika vipande, zimefunuliwa na kukunjwa sijui mara ngapi. Mama hakujua kusoma, kila mara alimwita mtoto wa jirani amsomee. Zile za mwisho zilikuwa mpya kama zimetoka posta jana.

Kwa hiyo unaponiandikia "nimwambie nini tena?" nakujibu: mwambie kila unachoona si habari. Tayari umeniandikia mimi mtu baki. Mwambie kwamba Mei ya huku haina mvua na watu wanaanika. Mwambie unapita chini ya Boma kila siku na siku hizi hulioni, kisha kesho yake lione, umsimulie. Ming'oko uitafute sokoni, uishike, umweleze ilivyo, kile kimzizi chembamba kinachochimbwa porini, watu wanachemsha na chumvi, wanakula huku wamesimama wanaongea. Mama yako hajawahi kuiona maisha yake yote. Wewe una miaka minne unaipita. Usimpigie simu ya salamu. Mrekodie sauti kwenye WhatsApp ukiwa sokoni, asikie watu wanavyopigana bei, hata kama humwambii neno. Atasikiliza zaidi ya mara moja.

Na mwambie lile la mtoto aliyekuletea ndoo. Umewahi kumwambia? Barua yako haisemi. Kama siku ile ulilia peke yako ndani, mama hajui kwamba neno lile limekuwa likikusumbua tangu mwanzo. Alichoona yeye ni binti aliyelisahau. Hakumwona yule aliyelazimika kuliweka chini ili aelewane na watoto wa jirani.

Sasa hili la Mkenya. Hapa, mwanangu, hukusoma vizuri kilichokuwa mbele yako.

Umesema mpishi mkubwa wa msibani alipaza sauti, "Huo mwiko mpeni Mkenya!" Ukainamisha kichwa. Mimi nimekulia katika misiba ya kusini hii, nimepika katika misiba isiyohesabika, na nakuapia kwamba mwiko wa sufuria la msiba hapewi mgeni. Mgeni hupewa kiti na maji ya kunywa. Akizidisha hupewa vitunguu amenye. Sufuria lile likiungua, anayeaibika ni mpishi mkubwa mbele ya ukoo mzima na wafiwa wenyewe. Mama yule alitazama jiko zima, wanawake waliozaliwa mtaa ule, akakuchagua wewe. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe ulipewa jembe lako mbele ya watu, ukasikia jina tu. Nenda kamwamkie mama yule, ukae naye hata nusu saa.

Watu wa huku humwita mtu kwa alikotoka kwa sababu ndivyo tunavyotofautishana. Kule Pemba niliitwa Mtanzania mpaka siku naondoka. Niliporudi Lindi wakaanza kuniita Mama Msumbiji, na hivi ninavyokuandikia kuna nyumba mtaani kwangu hazinijui kwa jina jingine. Usiwakataze. Ila sikiliza anayekuita, jinsi anavyokuita. Wifi yako anapokusema mbele za watu kwamba hujui kuchemsha ming'oko, hilo lina mwiba, sikufichi. Mjibu hivi, kwa upole, na mbele za watu hao hao: "Basi nifundishe, wifi." Akikufundisha, umepata. Akikataa, waliokuwepo wamesikia, na hutakuwa na haja ya kulijibu tena.

Nije kwenye jambo ulilosema si kitu. Nilipofika hapo nilikasirika, nikaiweka barua chini nikanywa maji kwanza.

Koni za hina zimekaukia kwenye kopo, halafu unaniuliza kama kuna kitu umepoteza? Hicho hapo! Kusema "naomba" kwa konda si hasara. Kununua samaki bila kugawanya ni raha, hata mimi naikumbuka siku niliyonunua kwa metikali bila kugeuza, nikafika nyumbani ndipo nikashtuka. Lakini kuna kuzoea kwingine kubaya, mtu anazoea kuishi bila kitu alichokuwa nacho mikononi mwake, mpaka akikitaja anasema "hilo si kitu". Maharusi walikuwa wanakufuata nyumbani. Mikindani kuna arusi. Mtwara mjini, kilomita kama kumi tu, kuna arusi nyingi zaidi. Waliokuja wakataka kwa namna yao, sawa, wapakie kwa namna yao mguu mmoja na mwingine uwaonyeshe namna yako. Majonzi yaliyokuzuia wakati ule umesema mwenyewe yamekwisha. Basi kinachokuzuia sasa ni mazoea tu.

Kwa kuanzia, usinunue hina huku. Mpigie mama, umwombe aende Mji wa Kale akuchagulie. Usimwambie "nitumie yoyote". Mwambie mkono wako umekaa miaka minne, unataka iliyo mpya, laini, isiyo na mchanga, na yeye ndiye mwenye jicho. Atakwenda, atanusa, atagombana na mwenye duka, atakupigia kukuuliza pakiti ngapi, atakupigia tena kusema amempata mtu anayekuja. Ikifika ukampaka bi arusi wa kwanza, mpigie picha mikono yake, umtumie mama kabla hata mwenyewe hajaondoka. Akikwambia mstari wa kidole gumba umepinda, ujue amerudi.

Kisha mwalike. Si kwa maneno ya "karibu siku moja", mtajie mwezi. Juni au Julai ni wakati mzuri, mvua imekwisha zamani, kusi linavuma, joto limepungua. Apate pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, apitie mpakani Lunga Lunga na Horohoro, alale Dar es Salaam usiku mmoja apumzishe miguu. Kutoka Dar ni lami mpaka kwenu. Sisi tuliosafiri kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 tulikuwa tunangoja pantoni ya Rufiji, na wakati wa mvua watu walilala njiani siku kadhaa. Yeye ataivuka Rufiji bila hata kushuka. Mpokee stendi mwenyewe, usimtume mume. Mpeleke akaone Boma, mpeleke kwa yule mama wa mwiko, amsikie akikuita Mkenya kwa masikio yake.

Hayo ya hina na safari yanataka wiki na miezi. Kuna moja unaweza kulifanya leo jioni. Binti yako ana miaka miwili na nusu, ndio kwanza anaokota maneno. Ninavyojua mimi, huko kwenu bibi mnamwita nyanya. Mkae wawili, umfundishe maneno mawili tu ya Kisauni, kisha mpigie mama yako na umpe mtoto simu aseme, "Nyanya, ndoo."

Majirani watakaosikia watadhani anataka ndoo ya nyanya. Mama yako ataelewa.